Sala ya Bwana Kabla ya Kusomwa Majina ya Wadaiwa

Sala ya Bwana ina maombi machache, na karibu yote yanamtaka Mungu atende: jina lake litukuzwe, ufalme wake uje, mapenzi yake yatimizwe, atupe riziki, atuokoe na yule mwovu. Ni mahali pamoja tu ambapo mwombaji anajitaja kuwa naye ana tendo lake, na hapo haahidi kwamba atalitenda kesho, bali anasema kana kwamba analitenda tayari: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Nilifundisha somo la dini katika shule za msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwanza upande wa Vihiga na baadaye hapa Kisumu, na mstari huo nimewakaririsha watoto wasiohesabika. Bibi yangu aliupokea kwa Marafiki (Quakers) wa Kaimosi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1902, akaurithisha nyumba nzima. Lakini uzito wake niliuonja mezani pa chama, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, mbele ya buku la mikopo.

Kikundi chetu hukutana Alhamisi alasiri katika baraza la ukumbi mmoja wa kanisa, huku Nyalenda, saa ambazo soko limepoa. Wamo wauza omena, yaani dagaa wa ziwani, wauza mitumba wa soko la Kibuye, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda na wastaafu kama mimi. Wamo Wajaluo, Waluhya na Wakisii, na kwa sababu hiyo sala huombwa kwa Kiswahili, ili pasiwe na mtu wa kuitikia "Amina" kwa jambo asilolielewa. Madhehebu nayo yamechanganyika. Tukifika mwishoni, Wakatoliki hunyamaza mapema na sisi wengine huendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu", na mwenyekiti wetu, ambaye ni Mkatoliki, huutumia muda huo kutafuta miwani yake.

Utaratibu wa fedha ni ule ule wa vikundi vingi vya eneo hili. Kila mwanachama huweka akiba kwa hisa, na akiba hiyo humpa haki ya kukopa hadi mara tatu yake. Mkopo hutozwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ambayo hurudi katika mfuko wa kikundi na kugawanywa mwezi wa Desemba kulingana na hisa za kila mtu. Anayekopa huleta wadhamini wawili, nao hutia sahihi au dole gumba kwamba asipolipa watalipa wao. Wajaluo wana nyoluoro, ule mzunguko wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, na wengi wetu tuliingia humu tukiwa tumeshauzoea. Tofauti ni kwamba humu kuna mikopo, na penye mikopo pana wadaiwa. Ndiyo maana ajenda yetu haibadiliki kamwe: sala, kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha katibu hufungua buku na kusoma kwa sauti majina ya wenye madeni na kiasi anachodaiwa kila mmoja. Kati ya "tuwasamehevyo wadeni wetu" na jina la mdaiwa wa kwanza hazipiti dakika kumi.

Wahubiri wengi wanaoifafanua sala hii huiweka riziki katika fungu lake na deni katika fungu lake, Jumapili hii moja na Jumapili ijayo jingine. Kwa muuza omena, mambo hayo mawili hayajawahi kutengana. Yeye huamka kabla ya alfajiri kwenda ufuoni Dunga, hununua omena mbichi kwa beseni, huzianika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, huzigeuzageuza kwa mkono, na jua likiwa kali siku moja hutosha. Mvua ikizikuta hazijakauka, hubadilika rangi na kutoa harufu, na mnunuzi anayebaki ni yule wa chakula cha kuku, ambaye hutaja bei bila hata kuinama kuzitazama. Tena omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi hurudi karibu mitupu, na bei ya ufuoni hupanda hata kwa yule ambaye jua lingemfaa. Mtu wa kazi hiyo akisema "utupe leo riziki yetu" hana haja ya kuelezwa kwa nini Bwana alisema leo. Wana wa Israeli walipoiweka mana hadi asubuhi, Kitabu cha Kutoka kinasema iliingia mabuu na kunuka. Muuza omena akisomewa sura hiyo hutikisa kichwa kama anayesikia habari za jirani. Na riziki ya leo ikikosekana, ya kesho hukopwa. Deni la watu wengi ninaowajua halikutokana na tamaa. Ni chakula, karo na dawa za siku ambazo hazikuleta kitu.

Ndivyo lilivyokuwa deni la mwanachama mmoja tuliyezoea kumwita nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Alikopa shilingi 40,000 akitaka kununua omena kwa wingi zingali rahisi, na mimi na jirani yake tukamdhamini. Mvua ikaja mapema kuliko alivyotarajia, ikafuatwa na mbalamwezi, na katikati ya hayo mwanawe wa kidato cha tatu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Fedha zilizosalia alizilipa shuleni, kama ambavyo mama yeyote angefanya. Ilipotimia miezi mitatu bila malipo, riba ilikuwa imelifikisha deni shilingi 52,000, naye akawa haji tena mkutanoni. Jambo moja lilitushangaza sote: kila Alhamisi, kabla hatujafunga mkutano, simu ya mweka hazina ililia, na ujumbe ukaonyesha kwamba nyar Ugenya ametuma shilingi 50, faini ya kutohudhuria. Deni lilikuwa limemshinda, lakini faini hakuruka hata wiki moja.

Katiba yetu ya wakati huo ilisema kwamba mwanachama akipitisha miezi mitatu, kikundi kitakwenda kwake kubeba vitu vya nyumbani vya thamani inayotosha. Jambo hilo si geni mjini. Niliwahi kuona wanawake wa kikundi kingine wakitoa seti ya viti katika nyumba ya mwenzao, wakiipitisha katika kichochoro chembamba, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyekuwa ameushika mlango usijifunge, akiwaambia waangalie msumari wa mwimo usije ukachana kitambaa. Alitumaini kuvikomboa viti vyake vikiwa vizima. Hapakuwa na kelele wala matusi, na wote waliokuwa pale, waliobeba na waliobebewa, ni watu wa kusali.

Siku ya kulijadili deni la nyar Ugenya tulisali kama kawaida, na sidhani kuna aliyeusikiliza mstari wa deni kuliko siku nyingine. Katibu aliposoma jina, mama mmoja muuza mitumba alisimama akasema, "Si tumetoka kusema sasa hivi kwamba tunawasamehe wadeni wetu? Tulikuwa tunamwambia nani?"

Mzee mmoja fundi wa viatu akajibu bila kusimama. "Mama, hata mimi nimesali. Lakini fedha hizi ni za watu. Tukimsamehe, nani amelipa?"

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe kaa kwanza," akaniambia. "Wewe ni mdhamini. Ukisema tusamehe, unajisemea mwenyewe." Alikuwa na haki, nikakaa, na mjadala wote uliofuata niliusikiliza bila kutia neno, jambo ambalo kwa mwalimu si rahisi.

Mwingine alisema kwamba mvua ni mapenzi ya Mungu, na aliyepatwa na mapenzi ya Mungu ayabebe. Hapa niliumia kukosa ruhusa ya kusema. Tumeyafanya maneno "mapenzi yako yatimizwe" kuwa maneno ya matanga, tunayatoa panapokuwa na jeneza au hasara, kana kwamba Mungu hana mapenzi mengine zaidi ya kutuondolea. Sala yenyewe inayaomba mapenzi hayo yatimizwe hapa duniani kama huko mbinguni, na mbinguni, kwa jinsi tunavyofundishwa, hakuna mtu anayebebewa viti. Bwana mwenyewe aliyarudia maneno hayo Gethsemane, lakini pale aliyekubali kuumia alikuwa yeye, hakuwa anamkubalia mwenzake maumivu.

Swali la mzee, hata hivyo, ndilo lililonikaa. Nani amelipa? Nilikuwa nimefundisha juu ya mwaka wa maachilio, ile amri ya Kumbukumbu la Torati sura ya 15 kwamba kila mwaka wa saba Mwisraeli amwachilie nduguye deni, na sikuwahi kuwaambia watoto kwamba amri hiyo hiyo inajua hofu ya mkopeshaji. Mstari wa 9 unamwonya mtu asiufanye moyo wake mgumu akamnyima maskini mkopo kwa kuona kwamba mwaka wa saba umekaribia. Yaani Musa alishamjua yule mzee wetu. Na watu waliendelea kuogopa hata baada ya kuonywa, kwa maana kizazi kimoja hivi kabla ya Yesu, mwalimu mkubwa wa Wayahudi aitwaye Hilleli alilazimika kuweka utaratibu ambao mkopeshaji alikabidhi madai yake kwa baraza la mahakimu, ili yasifutwe na mwaka wa saba, kwa sababu bila hivyo maskini hawakupata mtu wa kuwakopesha. Wako wanaomlaumu Hilleli kwamba aliipindua sheria. Mimi, baada ya kukaa mezani pa chama, simlaumu. Mfuko usiodai hufilisika, na mfuko ukifilisika anayeteseka kwanza ni yuleyule mwenye omena zilizonyeshewa.

Hali ya upande wa pili nayo iliandikwa. Mwanahistoria Josephus anasimulia kwamba vita dhidi ya Warumi vilipoanza mwaka 66 baada ya Kristo, waasi waliivamia sehemu ya juu ya Yerusalemu wakaichoma moto nyumba iliyohifadhi hati za madeni, wakitaka wadaiwa wawe upande wao. Kwa hiyo wale waliofundishwa sala hii huko Galilaya, miongo mitatu na kitu kabla ya moto huo, waliishi katika nchi ambamo karatasi ya deni ilikuwa na nguvu ya kuanzisha fujo. Walipoambiwa waombe "utusamehe deni zetu", sidhani walihitaji kufikiri sana wapate picha.

Yupo pia yule mtumwa wa Mathayo 18, aliyesamehewa na mfalme talanta 10,000, kisha akamkaba koo mtumwa mwenzake aliyemwia dinari 100. Kila mhubiri niliyewahi kumsikia huliita deni hilo la pili "kadeni kadogo". Mimi nimelifanyia hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kama tunavyoona katika mfano wa shamba la mizabibu. Tukimkadiria kibarua wa hapa kwetu kwa shilingi 500 kwa siku, dinari 100 ni shilingi 50,000. Hilo ndilo deni la nyar Ugenya, likipungua kidogo. Ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi, na mtu anayeidai fedha hiyo hadai kitu cha upuuzi. Nadhani Yesu alichagua kiasi hicho kwa makusudi. Angetaka kutuambia tusamehe vitu vidogo angetaja dinari mbili. Ukubwa wa deni la kwanza ndio hauna kipimo: talanta moja ilikaribia dinari 6,000, na Josephus anatuambia kwamba mapato ya mwaka ya Herode Antipa kutoka Galilaya na Perea yalikuwa talanta 200. Deni la mtumwa yule lilikuwa mapato ya mkoa mzima kwa miaka 50. Msikilizaji wa Galilaya lazima alicheka. Kisha akafika kwenye dinari 100, na kicheko kikakatika, kwa sababu hizo alizijua, huenda alikuwa akizidai au akidaiwa.

Na mfalme je, alilipwa na nani? Hakulipwa. Alizipoteza. Mfano hausemi kwamba deni liliyeyuka, na hapo ndipo lilipo jibu la swali la mzee: anayesamehe ndiye amelipa. Hakuna deni linalokwenda hewani. Likitoka kwenye mabega ya mmoja limehamia kwenye mabega ya mwingine, na kusamehe ni kukubali kuwa huyo mwingine. Kwa miaka mingi nilisikia msamaha ukihubiriwa kama kitu cha kumpunguzia mtu mzigo, kwamba ukisamehe utalala usingizi, shinikizo la damu litashuka, uso utang'aa. Huenda. Lakini aliyeandika mstari huu kando ya riziki alijua kwamba kwa mtu wa kawaida kusamehe ni kupungukiwa.

Kikundi hatimaye kiliamua hivi. Riba yote ya shilingi 12,000 ilifutwa. Akiba ya nyar Ugenya, shilingi 14,000, ilikatwa kwenye mkopo, zikabaki shilingi 26,000. Yeye mwenyewe angelipa 10,000 kidogo kidogo bila riba. Zilizosalia, 16,000, hazikuwekwa juu ya wadhamini peke yao. Ziligawanywa kwa wanachama 32 tuliokuwa tumebaki, shilingi 500 kwa kila mmoja, yaani kibarua cha siku moja. Mzee fundi wa viatu alipiga kura ya kukubali, ila kwa sharti: kiasi hicho kisifichwe ndani ya hesabu za mwisho wa mwaka, bali kiandikwe kwa kalamu nyekundu katika kijitabu cha kila mtu, pamoja na sababu yake. "Mtu ajue amesamehe kiasi gani," alisema. Hadi leo, katika kijitabu changu, mstari huo upo, na kwangu hakuna ufafanuzi wa sala ulio wazi kuliko ule.

Mwanachama mmoja alikataa. Alisema kwamba yeye naye mvua ilimnyeshea, akauza kuku wake wote akalipa mkopo kwa wakati, na sasa anatozwa kwa ajili ya aliyeshindwa. Desemba alichukua akiba yake akaondoka. Wapo waliomsema vibaya kanisani, wakamlinganisha na mtumwa yule mwovu. Mimi sikukubaliana nao. Mtumwa mwovu alikuwa amesamehewa kwanza. Huyu mama alikuwa hajasamehewa na mtu chochote, alilipa kila senti. Nilimwendea kumshukuru kwa miaka aliyokaa nasi, akanikaribisha chai, na hatukuligusa suala hilo. Sina jibu zuri la kumpa, kwa kuwa ni kweli kwamba sisi tulisamehe na fedha zake zikiwemo.

Deni la fedha lina faida moja, kwamba limeandikwa. Ndiyo sababu sioni tena aibu ya kusoma majina ya wadaiwa baada ya sala. Deni lisilotajwa kiasi chake haliwezi kusamehewa, linaweza tu kusahauliwa au kuzungukwa. Ugumu uko kwa yale yasiyo na buku. Mwanachama mwenzetu mmoja, Mkisii, alikuwa na duka la rejareja pembezoni mwa Kondele hadi siku zile za ghasia zilizofuata kutangazwa kwa matokeo ya urais tarehe 30 Desemba 2007, wakati maduka mengi ya mji huu yaliporwa na mengine kuchomwa. Alikimbia na familia yake, akarudi baada ya viongozi kutia sahihi mapatano ya 28 Februari 2008, akakuta kuta. Alianza upya kwa kuuza nyanya. Siku moja alinunua sukari katika kioski kilicho mitaa michache kutoka pale, na mwenye kioski akaitoa mizani ya kupimia. "Niliijua," alituambia. "Ina alama ya msumari ubavuni, niliichora mimi. Nilisimama pale nikapimiwa sukari kwa mizani yangu, nikalipa, nikaenda."

Kuna aliyemwuliza kama amemsamehe. Alifikiri kidogo. "Nimemsamehe, lakini yeye hajui, maana hajawahi kuniomba. Siku akiniomba, nadhani itabidi nimsamehe tena, na hiyo ya pili ndiyo naiogopa."

Mtu huyo hutuongoza sala mara kwa mara, na akiwa yeye ndiye anayeongoza mimi humsikiliza kwa makini. Bwana alipokuwa msalabani alisema, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo," na hapakuwa na mtu aliyekuwa amemwomba. Hata hivyo huwa nasita mtu anapoutumia mstari huo kumwambia mkimbizi wa mwaka ule kwamba ni wajibu wake kusamehe upesi ili mtaa utulie. Anayepaswa kuambiwa kwanza ni mwenye kioski.

Kuhusu "usitutie majaribuni" nina machache ya kusema, kwa kuwa kikundi kililifafanua kwa chuma. Fedha zetu hukaa katika sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu wanaoishi mitaa tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza, kwa nia njema, kama hatuaminiani. Mweka hazina wetu, mama mcha Mungu kuliko wengi wetu, alimjibu kwamba yeye ndiye aliyedai kufuli ya tatu, kwa sababu mwaka fulani mwanawe alilazwa hospitalini na usiku ule alifurahi kwamba ufunguo aliokuwa nao haukutosha. Waraka wa Yakobo unasema Mungu hamjaribu mtu, na wasomi wanahangaika kuuoanisha na mstari huu wa sala. Mama yule hakuwa na hangaiko hilo. Aliomba asitiwe majaribuni, kisha akaenda kununua kufuli.

Tangu mwaka wa deni la nyar Ugenya, ambaye alimaliza shilingi zake 10,000 na sasa amerudi kuweka akiba, kifungu cha kubeba vitu kimeondolewa katika katiba. Badala yake kila mkopo hukatwa asilimia 1 inayoingia mfuko wa maafa, na mfuko huo ndio unaobeba deni la mtu aliyefiwa, aliyeugua, au aliyeharibikiwa na biashara kwa sababu isiyo yake. Kifungu kilipita kwa kura nyingi. Utekelezaji wake ndio unaotusumbua. Wiki hizi tunalo shauri la kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu akiwa na mkopo wa pikipiki, na ambaye kila mtu anajua kwamba jioni ile alikuwa amelewa. Mzee fundi wa viatu anasema maneno "sababu isiyo yake" hayahitaji mkalimani. Mama wa mitumba amemwuliza kama deni tunazomwomba Mungu atusamehe kila Alhamisi zilitokana na sababu zisizo zetu. Mwenyekiti ameahirisha hadi mkutano ujao na kuagiza wadhamini wa kijana wasiseme kitu. Safari hii mimi si mmoja wao, kwa hiyo nitasema. Nitapendekeza riba ifutwe, mkopo wenyewe ubaki, na aanze kuulipa mguu ukipona, na ninajua kabisa kwamba mzee atalipinga hata hilo.